Binti wa Awor Analilia Jina

Saa tisa alasiri, wiki ya pili baada ya mazishi, Florence alikuwa akianika muhogo uani kwake katika kijiji cha Sop Sop, mashariki mwa Uganda, aliposikia mjukuu wake akilia. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo kando ya migomba. Mtoto huyo hakulia alipozaliwa. Alitoka akiwa ameshakufa, mimba ya miezi saba, siku nne baada ya mama yake kushikwa na homa. Florence alimaliza kugeuza muhogo, akanawa mikono, akamwita Awor, mke wa mwanawe.

"Njoo. Mtoto wako analilia jina."

Desturi hiyo kila mtu pale anaijua. Mtoto akilia bila kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Wengi hunyamaza kwa la tatu au la nne. Huyu alikuwa mgumu. Florence alichuchumaa kaburini akataja Athieno, Nyaketcho, Adikini, akamtaja hata bibi mmoja mchawi ambaye familia ilikuwa imekubaliana kumsahau. Opendi, baba wa mtoto, alivuka mpaka hadi Busia ya Kenya kwa shangazi yake, akarudi na majina kumi na moja zaidi. Mtoto aliyasikiliza yote kwa adabu, kisha akaendelea kulia.

Majirani walizoea. Waliokuwa wakipalilia karanga walijua tu kwamba saa tisa imefika. Awor ndiye hakuzoea. Kila sauti ilipoanza maziwa yalimtoka, naye alikwenda akayakamulia pale kaburini, akaimba kidogo, akarudi nyumbani blauzi imelowa. Ilikuwa hivyo kwa miezi minne. Mwili wake haukuelewa kwamba hakuna wa kunyonya, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuueleza.

Halafu akaja Damalie, mtu wa maabara kutoka chuoni Busitema. Siku ile ya homa alikuwa zahanati, akamtoa Awor damu kwa ajili ya utafiti. Kipimo cha malaria kilikuwa kimesema hapana. Awor alipewa dawa ya malaria hata hivyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Damalie alisalimia, akangoja kilio kipungue ili asikike. Hakikupungua. Akafungua karatasi.

"Awor, haikukuwa malaria. Damu yako ilikuwa na dengi."

Kilio kikakatika.

Florence alilitaja jina hilo tena, polepole, kuhakikisha. Kimya. Mtoto alikuwa amepata jina lake, na halikuwa la mtu yeyote wa ukoo.

Damalie alieleza alichojua. Homa hiyo inaweza kumtoa mtoto kabla ya wakati, au kumuua tumboni. Mbu wake anauma mchana, na hutaga kwenye maji safi yaliyohifadhiwa. Awor alikuwa amelala ndani ya neti kila usiku wa mimba yake. Florence aligeuka akatazama pipa la maji ya mvua mlangoni. Alilinunua yeye mwenyewe, ili mke wa mwanawe asibebe maji ya kisimani na tumbo lile. Aliketi chini vumbini akalia, na kwa kilio chake hakukuwa na jina la kutaja.

Asubuhi Awor alichukua karatasi akaenda zahanati. Alitaka jina la binti yake liandikwe kwenye daftari kubwa, pale palipoandikwa malaria. Sista Daphine, muuguzi wa zamu, alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema.

"Pole, mama. Hii kitabu haina mahali ya hiyo. Homa hapa tunaandika malaria tu. Na kipimo ya hiyo yako, sisi hatuna."

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Aguti, mwanamke aliyeolewa hapo kutoka Mella, mimba ya miezi sita, macho mekundu kwa homa. Kipimo kilisema hapana. Sista akaandika malaria, akampa vidonge.

Awor alimngoja nje. Aguti alitoka taratibu, mkono kiunoni, akaketi naye kwenye benchi.

"Dada, kunywa maji mingi, pumzika," Awor alimwambia. "Na mtoto akikuja kulia, usisumbue wazee. Ita yeye Dengi."

Aguti alishukuru, akaomba alirudie jina hilo, asije akalisahau.