Ukuta Usio na Mshikio

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu wenye akili zao. Nyumbani kwa akina Terraneo, pale Cantù karibu na Milano, mgeni akija mwenyeji hukimbia kujificha.

Msicheke. Mji mzima ni wa mafundi samani, na kila nyumba yenye heshima ina juu ya kuangaliwa na chini ya kuishi. Juu kuna sebule. Chini, nusu ndani ya ardhi, kuna jiko la kweli, televisheni, nguo zinazokaushwa, na harufu ya kabichi na mbavu za nguruwe. Ila wengine angalau hupanda juu kulala. Akina Terraneo walilala huko huko chini, kwa sababu marehemu mzee Ambrogio aliamua kwamba hata vyumba vya juu ni vya wateja. Kochi likiwa dukani, alisema, ni kochi tu. Mteja akiliona ndani ya nyumba ya mtu, anajiona yeye mwenyewe amekaa juu yake. Mzee alikufa akaacha uamuzi wake hai.

Tecla aliolewa nyumba hiyo akitoka Altamura, kusini, kwa watu wanaopiga kelele na kumega mkate kwa mikono. Ermes, mumewe, alimwonyesha juu kwanza: kochi jeupe la sufu, refu kama benchi la kanisa, meza ya mbao ya mjozi isiyo na doa, na dirisha la ukuta mzima likitazama milima. Tecla akadhani amefika peponi. Kisha akateremshwa ngazi.

"Vumilia kidogo," Ermes alimwambia. "Tutahamia juu baada ya Maonyesho."

Maonyesho ni yale ya samani, Milano, kila Aprili, na Cantù yote inaishi kwa ajili yake. Kabla ya Maonyesho hakuna anayeng'oa jino wala kumwacha mke. Hata mgonjwa mahututi anaombwa ajikaze kidogo. Maonyesho yakiisha zinakuja oda, oda zikiisha ni Agosti na kila kitu kimefungwa, Agosti ikiisha watu wanaanza kuandaa Maonyesho. Mjinga peke yake ndiye angeuliza hiyo "baada" iko wapi. Tecla hakuwa mjinga, lakini alimpenda mumewe, na mapenzi hayo yalimweka chini miaka mingi akikohoa kwa unyevu wa ukuta.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Tecla alikuwa na mimba, ya kwanza, umri wake ukiwa umeshakwenda, na alikuwa hajamwambia mtu. Alijiapiza kwamba mtoto huyu hatalala pale chini hata usiku mmoja. Alitaka chumba kimoja tu cha juu, chenye dirisha. Angesema leo leo, mteja akishaondoka.

Mteja mwenyewe alikuwa Bi Dilorom wa Tashkenti, mpambaji wa nyumba za matajiri, aliyesoma Milano na kukijua Kiitalia vizuri. Aliwahi kuliko ahadi. Tecla na mama mkwe wake, Bi Luigia, walikuwa bado juu, wanafuta meza. Bi Luigia alikuwa na kandambili miguuni na kitambaa kichwani.

"Gari hilo!" Ermes alipiga kelele kutoka mlangoni. "Potea! Poteeni!"

Ngazi za kwenda chini zilianzia pale pale mlangoni, hawangepita bila kuonekana. Bi Luigia akamshika mkwewe mkono, akasukuma ukuta wa mbao, ukafunguka, wakaingia ndani. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na jiko la maonyesho ambalo halijawahi kuchemsha hata maji. Ukuta ukajifunga nyuma yao, tik, na taa nayo ikazimika, maana iliunganishwa na ukuta.

"Mama," Tecla alinong'ona, "tunatokaje?"

"Tutatoka akishaondoka."

"Nauliza tunafunguaje."

Bi Luigia alipapasa. Ukuta ulikuwa umewekwa wiki ile ile, kazi ya Msanifu kutoka Milano, mtu mwenye miwani minene na maneno mengi. Kwa nje ukiusukuma kidogo unafunguka. Kwa ndani ukiusukuma unazidi kukaza. Mshikio haukuwepo, ndani wala nje. "Mshikio ni matusi kwa mbao," Msanifu alisema, na Ermes akampigia makofi.

"Hakuna kitu hapa," alisema Bi Luigia. "Laini kama kiganja."

"Simu?"

"Nimeiacha chini. Yako?"

"Si wewe uliyepiga marufuku simu huku juu?"

"Basi nyamaza. Usimharibie mumeo biashara."

Sebuleni visigino vya Bi Dilorom vilikuwa vikitembea taratibu, vinasimama, vinatembea tena. Tecla alihisi joto linampanda shingoni. Jiko halikuwa na dirisha, na wanawake wawili humo walitosha kama viatu sandukuni. Alibana mikono tumboni, akavuta pumzi, na pumzi haikutosha.

"Usinihemee sikioni," Bi Luigia alinong'ona. "Nyie watu wa kusini hamwezi kukaa palipofungwa. Mmezoea uwanjani."

"Na nyie wa huku mmezoea shimoni."

"Shimo hilo limekulisha."

"Limenikohoza, Mama. Nataka chumba cha juu."

"Baada ya Maonyesho tutazungumza."

"Yapi?"

Bi Luigia akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma sala aliyoizoea, "Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Tecla alijibu. "La kwangu lina mtu ndani, Mama."

Gizani hakuweza kumwona uso. Alisikia tu pumzi ya mama mkwe imekatika, kisha mkono wa kizee ukaja, ukamgusa bega, ukashuka hadi tumboni, ukatulia pale.

"Ermes anajua?"

"Nilitaka kumwambia leo."

"Mimi nilimzaa Ermes kule chini," Bi Luigia alisema polepole. "Nilimwambia Ambrogio, mtoto ana kifua, tupande juu. Akaniambia, baada ya Maonyesho. Mtoto akapona, nikanyamaza. Kisha Ambrogio akaugua, nikamwambia, njoo basi ufie mahali penye jua. Unajua alinijibu nini?"

Tecla alijua.

"Nikakasirika na maiti," akasema Bi Luigia. "Mpaka leo nimekasirika naye. Halafu na wewe nikakwambia maneno yale yale, tena kwa raha. Nilijiambia, kama mimi niliweza, huyu ana nini cha zaidi?"

Tecla alitaka kumchukia, akashindwa. Alilia bila sauti.

Sebuleni visigino vilisimama karibu kabisa na ukuta.

"Ni pazuri mno," ilisema sauti ya Bi Dilorom. "Nani anaishi hapa?"

"Hakuna anayeishi hapa," Ermes akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ndiyo maana pako hivi."

"Huna familia?"

"Ninayo, wako kwingine."

"Watoto?"

"Hapana." Akacheka kidogo. "Nyumba hii na watoto wapi na wapi, bibi? Kidole kimoja cha mtoto na sufu hii imekwisha."

Tecla alihisi mkono wa mama mkwe ulioko tumboni mwake umekunja kitambaa cha gauni. Kisha mkono ukaondoka, na ukuta ukapigwa ngumi, pu! pu!

"Ni nini hicho?" Bi Dilorom akashtuka.

"Ni mbao," alisema Ermes upesi. "Mbao halisi hupumua. Joto likipanda zinajinyoosha, unasikia mlio. Ndiyo dalili ya ubora."

"Ermes!" Bi Luigia alipaza sauti ambayo Tecla hakuwahi kuisikia, sauti ya sokoni. "Ermes Terraneo! Mimi si mbao!"

Loo! Kisha Bi Dilorom akaanza kusukuma ukuta hapa na pale kwa viganja vyote viwili, ukafunguka, na mwanga ukawapiga machoni. Bi Luigia alitoka na kandambili zake. Tecla akamfuata, macho mekundu, mchirizi wa jasho ukimtiririka shavuni.

"Kumbe kuna watu," alisema Bi Dilorom.

"Wapo," alijibu Bi Luigia. "Mimi ni mama yake. Huyu ni mkewe. Shikamoo hatutaki, tunataka hewa."

Mgeni aliinama akauchunguza ukuta upande wa ndani, akapitisha mkono juu hadi chini.

"Bwana Ermes, mtu akiwa ndani anafunguaje?"

"Kwa kawaida," Ermes alisema, masikio yamemwiva, "hakuna mtu ndani."

Bi Dilorom alimtazama Tecla kwa muda, akamshika mkono, akaaga kwa adabu. Ermes alimsindikiza garini. Aliporudi alikuwa mweupe kama kochi lake.

"Amesema atafikiria. Mnajua maana ya 'atafikiria'? Mmeniua! Msimu mzima!"

"Mkeo ana mimba," alisema Bi Luigia.

Ermes alifungua mdomo. Furaha ilikuja kweli, tusimwonee. Macho yalimlengalenga machozi, akapiga hatua kumwendea mkewe. Kisha, katikati ya hatua, macho yale yale yakaponyoka na kutua kwenye mikono ya kochi, kwenye sufu, kwenye pembe za meza. Tecla aliyaona. Afadhali angempiga kibao.

"Tutapanga vizuri," alisema Ermes. "Wacha tu haya Maonyesho..."

"Limalize hilo neno," Bi Luigia alisema, "nikuchape na kandambili, mtu mzima na ndevu zako! Nyumba ni yangu, baba yako aliniachia mimi. Shuka ukalete kitanda. Chumba chenye dirisha, sasa hivi."

"Mama, wateja wa kesho..."

"Wataamkia kwa mkwe wangu, wamsalimie kitandani. Shuka!"

Ermes akashuka. Wakasikia miguu ya kitanda ikigongana na ngazi, na sauti yake ikilalamika peke yake. Bi Luigia akamshika Tecla mkono, akampeleka kwenye kochi jeupe, wakakaa, wote wawili, mara ya kwanza tangu kila mmoja wao aolewe. Mbele yao dirisha lilijaa milima yenye theluji kidogo kileleni.

Baada ya muda Tecla alihisi maumivu kwenye mapaja, akashangaa. Kumbe alikuwa hajakaa. Alikuwa amejishikilia kwa miguu, ukingoni, ameinyanyua nyonga kidogo tu ili uzito usishuke, sufu isibonyee. Akamtazama mama mkwe. Magoti ya bibi yalikuwa yakicheza.

"Mama, hujakaa."

"Nimekaa."

"Hujakaa. Jishushe."

Bi Luigia alijaribu. Uso ulimkunjamana kwa juhudi, kama mtu anayenyanyua gunia, na mgongo wake ukabaki umesimama vile vile.

"Anza wewe," alisema, "ndiye mwenye mtoto."

Tecla alifumba macho, akaiambia miguu yake iachie. Chini kule Ermes aliuliza kama njia iko wazi. Miguu ilikuwa bado inakataa kuachia.