Milima ya Kibwana

Watu wa Marui, kijiji cha Wazaramo, walijua fika kwamba Mwanahalima hakuwahi kuvuka mto Ruvu, lakini ukimwuliza habari za Lushoto angekujibu kama mtu aliyeacha chungu chake jikoni huko. Angekwambia ukungu wa kule hauna adabu, unaingia ndani bila hodi na kujilaza kitandani. Angekwambia watu wa kule huota moto saa nane mchana, jua liko juu, wala hawaoni haya. Yote hayo aliyapata kwa mumewe, Kibwana, mpishi wa Bwana Upepo.

Bwana Upepo alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyezunguka nchi nzima miaka ile kabla ya vita vya Hitla akitafuta mahali ambapo Wazungu wenzake wangeweza kwenda kupumzika: pwani kwa kuoga, mlimani kwa kupunga hewa. Alikuwa akiandika kitabu cha kuwaelekeza. Watu waliulizana ni kazi gani hiyo, mtu mzima na ndevu zake kutembea miezi kwenda kusema hapa pana upepo na pale hapana, ndipo wakampa jina. Ghala lake la mizigo lilikuwa Gwata, upande wa Kibaha, si mbali sana na stesheni ya Ruvu. Kibwana alikuwa akiondoka nyumbani miezi miwili, hata mitatu, kisha akarudi na kipande cha sabuni ya kunukia, kikohozi, na mahali papya.

Mahali hapo papya ndipo palipokuwa zawadi yenyewe. Alikuwa hapatoi pote kwa siku moja. Leo angemwambia mkewe habari ya bandari ya Mikindani, jinsi maji yalivyozungukwa na nchi kavu yakatulia kama uji uliopoa. Kesho angemwongezea vichochoro vyake, na keshokutwa wanawake wanaoingia majini wakati wa kupwa, wakitandaza nguo zao chini ya maji ili kunasa dagaa. Mwanahalima naye alikuwa na maswali yake. Kila mahali, alipokwisha kusikia upepo na miti, alimwuliza mumewe chinichini, wamelala, "Wanawake wa huko wanajifunika nini?" Kibwana angecheka, angekohoa, kisha angejibu. Miaka sita walisafiri namna hiyo, na Kibwana alikuwa ameahidi kwamba Bwana Upepo akimaliza kitabu chake watakwenda wote wawili, kwa miguu yao wenyewe.

Masika ya mwaka wa saba Kibwana aliletwa nyumbani hoi, kifua kimembana. Hakumaliza wiki.

Siku ya tatu, watu walipokuja kuondoa matanga, alifika mtani. Alikuwa Lucian, Mnyamwezi aliyelowea Gwata tangu siku za kazi ya reli, mpagazi wa Bwana Upepo na rafiki wa marehemu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani hana breki. Lucian aliingia na karai kichwani kama kofia ya Kizungu, akajibwaga mlangoni ili mtu asipite, akaanza.

"Nani kawadanganya kwamba Mzaramo huyu alipanda mlima?" alipiga kelele. "Kwa mapafu yale? Mlima wake ulikuwa kitanda cha kamba, kwangu, Gwata! Bahari yake hili karai la kuoshea vyombo! Mimi ndiye niliyepanda, yeye kazi yake kunihoji kama karani wa korti. Eti, wanawake wa huko wanajifunika nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walijifuta machozi, na mmoja akasema mtani wa mwaka huu amefunga kazi. Lucian akainuka, akageukia pazia ambalo nyuma yake mjane alikuwa ameketi, kizuka anayeanza eda. "Kizuka! Umenisikia? Nimekwisha sema!" Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo.

Nyuma ya pazia Mwanahalima hakucheka. Lile swali lilikuwa la kitandani. Hakuwahi kumwuliza mtu mwingine duniani, wala kuliuliza kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. Mnyamwezi wa Gwata alilipata wapi?

"Mtani hasemi kweli, anasema utani," Swaumu, dada mkubwa wa Kibwana aliyekuwa akimtunza wifi yake, alimwambia. "Ukianza kupima maneno ya mtani utakufa na wewe."

Lakini mambo ya moyo hayaamrishwi. Mwanahalima alikuwa na miezi minne na siku kumi za kukaa eda, nguo nyeupe mwilini, ndani ya chumba kimoja, bila kutoka na bila kuzungumza na mwanamume asiye wa kwao. Mwenye wasiwasi apewe nini tena? Alilala chali akitazama makuti ya dari na kurudi kwenye safari zake moja moja. Alipanda Lushoto asubuhi. Adhuhuri alikuwa Mikindani, maji ya vuguvugu yanamfika magotini. Alasiri alipita Uluguru, mahali ambapo Kibwana alisema mtu husikia maporomoko ya maji siku nzima kabla ya kuyaona. Mvua ilinyesha juu ya makuti, na ilikuwa mvua ya huko. Swaumu akiingia na bakuli la uji alimkuta amejikunyata kwa baridi, chumba kimefuka joto.

Siku za mwanzo alikwenda kwa mapenzi tu. Baadaye alianza kwenda kama mtu anayekagua mshono wa nguo, na mshono aliuona. Kibwana alimweleza kufika, hakumweleza kwenda. Huyu alikuwa mtu ambaye akitoka Kisarawe sokoni na kuku wawili alilalamikia miguu mpaka wakati wa kulala. Iweje apande Usambara nzima asirudi hata na lengelenge la kulalamikia? Na kifua kile, kilichokuwa kikilia kama mvukuto kwa kuchanja kuni tu, kilifikaje juu?

Basi kweli hakupanda. Na kama hakupanda, miezi yote ile alikuwa Gwata. Hapo ndipo Mwanahalima alipoketi wima kitandani, kwa sababu mwanamume hakai miezi mitatu, mwaka baada ya mwaka, miaka sita, kwenye kitanda cha kamba peke yake. Lazima palikuwa na mwanamke. Labda na watoto. Labda huyo mwanamke ndiye aliyekuwa akijua kila neno la kitandani mwake, akamsimulia Lucian wakacheka. Mwanahalima alilia kilio ambacho hakikuwa cha msiba, na Swaumu, asiyejua, alimsifu kwa kumlilia mume vizuri.

Siku eda ilipokwisha alikogeshwa, akavuliwa nguo nyeupe. Keshoye alifunga kanga zake.

"Unakwenda wapi?" Swaumu aliuliza.

"Gwata."

"Kumtafutia ndugu yangu aibu kaburini?"

"Kumtafuta mume wangu, wifi. Nikimkuta salama nitarudi nikuombe radhi."

Alitembea hadi kwenye reli, akapanda behewa la daraja la tatu, akashuka Ruvu. Safari yake ya kwanza ya kweli maishani, na hakuangalia dirishani hata mara moja. Gwata aliuliza nyumba ya Lucian Mnyamwezi, akaonyeshwa, akamkuta mkewe, Laurentia, ameketi uwanjani kwenye mkeka akipukuchua kunde. Laurentia alimtazama usoni, akasogea kumpisha kabla hata hajajitaja.

"Wewe ndiye Mwanahalima," alisema. "Karibu, dada. Nilidhani utachelewa zaidi."

Lucian alirudi kutoka shamba jembe begani. Alipomwona mgeni aliliweka jembe chini taratibu.

"Mtani," Mwanahalima alisema, "nimekuja kusikia tena yale uliyosema msibani. Safari hii sina kicheko."

Lucian akaketi. "Yalikuwa kweli yote," alisema. "Safari ya kwanza tulikuwa tunapanda Uluguru. Nusu ya njia hatujafika, Kibwana akakaa chini, midomo imekuwa rangi ya majivu. Bwana Upepo akasema huyu atanifia. Akamrudisha hapa alinde ghala na kutupikia tukirudi. Huko safarini alichukua mpishi mwingine."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

Mwanahalima alipiga moyo konde. "Na kitanda hicho cha kamba, alilala na nani?"

Aliyejibu alikuwa Laurentia. "Alilala na kikohozi chake. Kitanda kiko pale, nyuma ya ukuta wetu. Angeleta mtu ningesikia, maana kikohozi chenyewe kilikuwa hakinipi usingizi." Alirusha maganda pembeni. "Mume wangu ndiye aliyeteseka. Lucian anarudi miguu imevimba, anataka uji alale, Kibwana keshamkalia mbele. Ukungu unaingia kwa mlango au kwa paa? Maji ya huko yana rangi gani asubuhi? Wanawake wanajifunika nini? Nikimwambia, Kibwana, mwache mwenzio apumue, ananijibu, Mwanahalima atauliza. Kila jambo ni hilo tu, Mwanahalima atauliza."

Mwanahalima alifurahi, na papo hapo hasira ikampanda. "Kwa nini asiniambie? Ningemcheka? Ningempenda hivyo hivyo, hata angekuwa mlinzi wa ghala la Gwata!"

"Aliona haya," alisema Lucian. "Siku namsindikiza kurudi kwenu mgonjwa aliniomba nikwambie. Sasa mimi nizungumze vipi na mwanamke aliye kizuka? Nikasema, utani utanipa njia, pale hakuna wa kunifunga mdomo. Nikasema yote, mbele ya ndugu zake, na nikakuita mwenyewe. Wakacheka. Nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kucheka. Nilirudi hapa nikamwambia mke wangu, leo nimeshindwa."

Kuku alipita akidonoa kunde, Laurentia akamfukuza kwa kanga.

"Basi niambie wewe uliyepaona," Mwanahalima alisema. "Lushoto pakoje?"

Lucian alijikuna shingo. "Pana baridi."

"Na nini tena?"

"Pana kupanda. Njia ina utelezi."

"Na ukungu?"

"Ukungu upo." Alifikiri, uso umemkunjamana kwa juhudi. "Mtani, usinione mchoyo. Mzigo wa ratili hamsini ukiwa kichwani, macho yako yako kwenye kisigino cha mwenzako aliyetangulia. Nilimwambia Kibwana neno moja, mawili. Mengine sijui aliyatoa wapi."

Hilo lilimchoma Mwanahalima kuliko yote. Alikuwa amempata mume, amepoteza nchi nzima. Miezi minne amejilaza kwenye ukungu wa kutiwa chumvi, amekanyaga mchanga ambao haupo. Alitazama miguu ya Lucian, mipana, yenye nyufa, miguu iliyofika huko kote, akaionea wivu na kuihurumia.

"Kwani yeye alikwambiaje?" Lucian aliuliza.

Mwanahalima akamwambia. Alimwambia jinsi ukungu unavyopanda bondeni alasiri, unameza mti mmoja, kisha wa pili, mpaka mtu aliye mlangoni haoni ila mkono wake mwenyewe ulioshika mlango. Alimwambia harufu ya moshi wa magogo ya mlimani, isiyofanana na ya kuni za Marui. Lucian aliacha kujikuna.

"Magogo yale yananuka kweli," alisema polepole. "Nilikuwa nimesahau. Yananuka." Kisha, "Na Mikindani? Alisema nini Mikindani?"

Akampeleka Mikindani. Akampitisha vichochoroni, akamshusha majini kwa wanawake na nguo zao za dagaa, na Laurentia naye aliacha kunde zake zikamwagika. Jua lilikuwa limeanza kuinama, hakuna aliyeondoka kwenda kukoka moto.

"Nimepita pale mara mbili," Lucian alisema. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyaficha. "Mara mbili, na sikuwapo." Kisha akauliza kama mtu anayeogopa kuomba. "Na ule mlima mweupe wa Moshi? Tuliufikia safari ya mwisho. Tuliporudi Kibwana alikuwa hoi, hakuniuliza kitu. Huo hukuambiwa?"

"Sikuambiwa," alisema Mwanahalima.

Lucian aliinamisha kichwa. Mwanahalima alimtazama kitambo, kisha akavuta ukingo wa mkeka, akasogea karibu.

"Mlifika saa ngapi?"

"Usiku. Hatukuona kitu. Asubuhi niliamka mapema kuchemsha chai ya Bwana."

"Ulikuwa umeshika nini mkononi?"

"Birika."

"La moto?"

"La moto. Nilikuwa nimeinama, naangalia nisimwage."

"Basi," Mwanahalima alisema, "ulisimama hapo na birika lako, mvuke unakupanda usoni, vidole vinauma kwa baridi. Wenzako bado wamelala. Kimya kimetanda kiasi kwamba ulisikia nyasi zikikauka umande. Ukaona mwanga umeshuka juu ya mikono yako, mweupe, na haukuwa wa jua maana jua halijatoka. Ndipo uliponyanyua macho."

Lucian akanyanyua macho.