Karatasi ya Fedha Kwenye Fyuzi

Bonareri alizoea kusema kwamba kutoka Roret mpaka Kiptere hakuna fundi mwanamke wa umeme anayemshinda. Kisha anacheka mwenyewe na kuongeza kwamba yuko peke yake, kwa hivyo akishika namba moja ndiye anashika mkia pia.

Asubuhi hiyo hakucheka. Feni za kunyausha majani kiwandani zilikuwa zimenyamaza, na chai ya wakulima ilikuwa imejipasha moto ikanuka kama nyasi ya ng'ombe iliyosahaulika kwenye gunia. Kadi ya mitambo, ile inayoamuru feni iwake ama izime, ilikuwa imeungua. Meneja, Madam Chepkorir, alikuwa ameshaambiwa mwenye makosa ni Bonareri, na kwamba atoke getini leo hii.

Aliyemwambia ni Kipngeno, msimamizi wa zamu, mzee wa kanisa, mtu wa kuombea chakula mpaka ugali unapoa.

"Fyuzi alichagua yeye," Kipngeno alisema mbele ya wafanyakazi wote. "Mimi hilo sanduku la fyuzi sijawahi hata kulifungua."

Bonareri alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Alichagua, ndiyo! Na alichagua vizuri! Fyuzi ndogo, za kukatika upesi, kila waya unaotoka kwenye kadi na yake, kwa sababu kadi ni laini kama yai. Fyuzi ni mbwa wa boma, kazi yake ni kuumia kabla ng'ombe hajaguswa. Ukiweka mbwa asiyeumia, mwizi atachinja ng'ombe huku mbwa anakoroma. Lakini kila moja ikikatika, Kipngeno alikuwa anafoka: "Hizi fyuzi zako za watoto! Weka moja kubwa ya kiume, kazi iendelee!"

"Mzee," alikuwa akimjibu, "ikikatika usiitukane. Uliza imeona nini."

Ilikuwa imeona waya uliolowa mvuke. Jumamosi Bonareri alienda kumzika shangazi yake huko kwao Nyamira, na waya ukalowa tena, fyuzi ikakatika.

"Wewe Mama, jitetee," Madam Chepkorir alisema.

"Sijitetei, Madam. Nafungua."

Alifungua sanduku. Fyuzi zote zilikuwa wima kama watoto wa paredi, isipokuwa moja, iliyovikwa karatasi ya fedha inayong'aa, umeme upite juu yake bila kizuizi. Bonareri aliitoa kwa koleo akaiinua. Jicho lake lilikuwa limeshaona pa kubana.

"Madam, hii ni karatasi ya pakiti ya sigara. Kumbe wazee wa kanisa wanajificha nyuma ya boila wakivuta. Nitawaambia kina mama Jumapili."

"Sigara!" Kipngeno aliruka kama amekanyaga siafu. "Mimi? Ushindwe kabisa! Tangu niokoke huu mdomo haujaonja moshi! Angalia vizuri, wewe mama, hiyo ni ya chingamu! Ya minti! Nilikuwa naitafuna mimi mwenyewe Jumamosi nikifunga hiyo..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Madam Chepkorir alivua miwani polepole.

"Ukifunga nini, mzee?"