Hapa ni Kwenu

Paskazia aliingia Geita mjini na mlango kichwani, asubuhi, watu wakinunua maandazi. Ulikuwa mlango wa mninga wenye alama ya X nyekundu, kitu pekee alichowahi kung'oa kabla katapila halijapita kwao. Theonest, dalali wa vyumba, alimsaidia kuutua.

"Shikamoo mama. Vyumba vya mjini vina milango."

"Marahaba baba. Huu ni wa kwetu."

Dalali hakubisha. Mteja ni mteja.

Nyumba yao ya kijijini iliponzwa na ulimi. Watu wa mgodi walipobisha hodi, mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mayu, aliwajibu kama alivyomjibu kila mgeni maisha yake yote: "Karibuni, hapa ni kwenu." Wakashuhudia kwamba mwenye nyumba ameitoa kwa kinywa chake. Mayu alikufa kwa uchungu, na nyumba ikamfuata.

Mjini vyumba vilikuwa adimu. Wachimbaji wamejaa, na kila mwenye banda la kuku analiita chumba, tena cha kisasa! Mwishowe Mzee Marselino alimpangisha chumba cha uani, cha kulala umekunja miguu, akaruhusu fundi afunge ule mlango.

Jioni Paskazia akausukuma, akaingia kwao. Vigoda vilikuwa mahali pake, ua umefagiwa, michembe ya viazi inachemka jikoni, na Mayu anapepeta karanga.

"Umechelewa," Mayu akasema.

"Nilikuwa natafuta chumba, Mayu."

Akavua viatu. Alikuwa amepatamani pale mno, kwa hiyo hakuuliza kitu. Akala, akalala kitandani kwake. Kwa nje kilibaki chumba kilekile cha uani.

Kodi ikamshinda. Akasikia kuna mradi unaowasaidia kodi watu waliobomolewa, akaomba, akaambiwa afisa atakuja kuona anavyoishi. Siku hiyo alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mayu, wakibisha hodi, nyamaza. Nakuomba. Nitajibu mimi."

"Nimesikia, mwanangu."

Lakini mazoea yana taabu. Hodi ilipogongwa tu, Paskazia hata hajafumbua mdomo, Mayu akaitika kwa furaha:

"Karibuni wanangu, hapa ni kwenu!"

Afisa aliingia pamoja na Mzee Marselino. Akaketi, akala michembe, akausifu ua.

"Dada, wewe una nyumba. Tena kubwa. Msaada wetu ni kwa wasio nayo." Akashukuru kwa chakula, akaondoka.

Mzee Marselino yeye alibaki, akapima sebule kwa hatua zake.

"Mimi nilikupangisha chumba kimoja," alisema. "Hivi vingine nani amekupa? Na bibi mwenyewe amesema hapa ni kwetu."

"Ni heshima tu ile, mzee. Ni namna ya kukaribisha."

"Basi nimekaribia."

Theonest akaleta wapangaji. Wachimbaji wakapewa sebule, muuza mitumba akapewa chumba cha Mayu, na wote walimsalimia marehemu kwa adabu na kumsifia karanga zake. Paskazia akabakiziwa jiko, kwa kodi ileile. Theonest alimwonea huruma, ila kamisheni yake aliichukua.

Siku moja Paskazia alirudi kutoka sokoni akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Mlango wake mwenyewe, wenye X yake. Sasa kulikuwa na wapangaji wenzake, kuingia bila kubisha si ustaarabu. Akatua kapu.

"Hodi!"

"Karibu," Mayu akaitika kutoka ndani, kwa upendo uleule. "Karibu sana, hapa ni kwenu."

Paskazia alisimama kizingitini, akingoja, labda mama angejisahihisha aseme kwetu. Mayu alikuwa amesharudi kwenye karanga zake. Komeo likafunguliwa na mpangaji mmoja, naye Paskazia akavua viatu, akasema ahsante, akaingia.