Mwamba Ndani ya Kioo

Bi Mayimuna alitoa kauli yake asubuhi, mswaki ungali mkononi, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kumkatiza.

"Idi ikipita, narudi Hamukungu. Mwenye lori anipeleke. Asipotaka, nitapanda lori la wachuuzi wa samaki."

Mwenye lori alikuwa mwanawe, Muhamood, msafirishaji wa mizigo mjini Kasese. Alikuwa anakunywa chai. Aliendelea kunywa, kwa maana alimjua mama yake: ukimbishia, unamwongezea sababu. Lakini chai ilimwishia utamu mdomoni.

Alikuwa amemleta mjini mwaka uliotangulia, mguu wake ulipofanya kidonda. Tabibu wa zahanati alisema wazi kwamba kidonda kile kisipooshwa na kufungwa kila wiki, mguu utapotea. Huko Hamukungu, kwa wavuvi wa Ziwa George, zahanati ilikuwa mbali na viboko walikuwa karibu. Sasa mguu ulikuwa unapona. Mwenye mguu ndiye aliyekuwa anakauka. Nyumba ya Muhamood ilikuwa kando ya barabara ya stesheni. Wapita njia walimwona bibi huyo mbele, wapangaji wakamwona nyuma, na hakuna upande wowote uliokuwa na maji ya kutazama. Alianza kula nusu sahani, kisha robo. Saudah, mke wa Muhamood, alimpikia samaki kwa mchuzi wa karanga. Bi Mayimuna aliisukuma sahani taratibu na kusema kwamba samaki yule alikuwa amekufa mara mbili: mara ya kwanza ziwani, mara ya pili njiani.

Siku hizo Muhamood alikuwa amepewa sanduku la vioo. Mhandisi mmoja wa migodini alikuwa anarudi kwao Ulaya, naye alimwachia sanduku hilo kama shukrani kwa kumbebea mizigo hadi stesheni. Lilikuwa na fremu ya chuma, na urefu wake ulitosha mtoto kulala ndani. Mhandisi huyo aliwahi kuota kufuga samaki wa baharini. Aliwaagiza kutoka Mombasa kwa treni. Samaki walifika Kasese, ila uhai wao ulishukia njiani. Ndoto hiyo iliacha alama moja tu, picha ya karatasi iliyobandikwa nyuma ya kioo, yenye matumbawe mekundu na ya zambarau.

Kauli ya mama yake ilimkumbusha Muhamood sanduku lile. Kama mama hawezi kukaa ziwani, alifikiri, basi ziwa lije likae kwa mama. Safari iliyofuata alirudi na debe la nkejje, wale samaki wadogo wa kando ya ziwa ambao watoto huwachota kwa vikapu. Akawamimina ndani ya sanduku, akaliweka sebuleni mbele ya kiti cha mama yake, akasubiri kusifiwa.

Nkejje walikimbilia pembe moja. Kila mmoja alijaribu kuingia nyuma ya mwenzake, na wa mwisho alipokosa nyuma ya kuingia, aliruka nje na kuangukia mkeka. Bi Mayimuna alimwokota kwa vidole viwili, akamrudisha.

"Umewaweka uchi," alisema.

"Mama, samaki huvaa nini?"

"Wewe unaweza kula ukitazamwa mbele, nyuma na ubavuni?"

"Nyuma wana picha."

"Picha! Samaki aegemee picha? Tena hayo maua ni ya nani? Nimezaliwa ziwani, nimezeeka ziwani, sijaona ziwa likivaa kitenge."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka mgongo." Bi Mayimuna alijivuta mbele ya kiti. "Pale nilipokuwa napara samaki palikuwa na jiwe kubwa lenye mashimo. Ukitia mkono shimoni, unawasikia wanakugusa kama watoto chini ya blanketi. Hao hawaogopi, kwa sababu nyuma yao pana jiwe. Warudishe."

Muhamood aliwarudisha. Lakini njiani alitambua kwamba mama yake hakuwa amesema maneno mengi kiasi kile tangu aje mjini. Hapo alijua kazi yake. Alipaswa kumtafutia jiwe lile kabla ya Idi.

Alijaribu mawe ya mto Nyamwamba. Yalikuwa mazito na ya mviringo. Aliyapanga mara mbili, yakaporomoka mara mbili, na mara ya pili nusura yapasue kioo. Basi alipokwenda Bwera kupakia maharagwe, alimweleza shida yake rafiki yake Philippe Katembo.

Katembo alikuwa mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka upande wa Butembo wakati wa vita vya waasi. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, na hakukosa mzaha pia. Ujanani mwake alikuwa fundi wa mapadre, akijenga magroti, yale mapango ya kuigiza ambamo husimamishwa sanamu ya Bikira Maria. Alisikiliza akiwa ameketi juu ya gunia, kisha akapiga paja.

"Jiwe? Jiwe ya kweli ni ya nini? Unakamata waya ya kuku, unaikunja-kunja, unaipaka sima, ile saruji yenu. Kisha unakamata mufuko ya sima, ile karatasi, unaifinya-finya, unaibandika juu ingali mubichi. Kesho unaibandua. Hata mbuzi atapanda pale, atafikiri ni mulima."

"Mimi sifugi mbuzi, Katembo. Nafuga samaki."

"Samaki haiko na akili kupita mbuzi, ndugu yangu."

Kisha akaacha kucheka. "Lakini sima iko na ukali yake. Kule kwetu tulijenga groti, mbele yake kisima. Bapadri wakatia samaki siku ileile, kwa sababu askofu alikuwa anakuja kubariki. Askofu akafika, samaki beko tumbo juu."

"Wote?"

"Wote. Alibariki mazishi." Katembo alifuta macho. "Lazima uinyweshe maji na umwage, uinyweshe na umwage, mpaka iache kulia chokaa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka iache."

"Lakini Idi iko karibu."

"Sima haijui Idi, Muhamood. Haijui hata Noeli."

Katembo alipanda lori siku hiyohiyo. Walifanya kazi uani Kasese. Waliulaza wavu wa kuku juu ya mbao, wakauvimbisha hapa na kuubonyeza pale, wakaupaka saruji nyembamba, kisha nzito. Bi Mayimuna alikuwa ametangaza kwamba mambo yao hayamhusu. Hata hivyo kiti chake kilisogea, kwanza mlangoni, halafu kizingitini, halafu uani kabisa.

"Hilo shimo ni dogo," alisema. "Hapo ataingia nzi."

"Ndiyo, mama," Katembo alijibu.

"Tena jiwe la ziwani si jeupe kama unga. Saudah! Lete chungu cha maharage, kile cheusi."

Alikwangua masizi ya chungu kwa mkono wake mwenyewe, nao wakayachanganya katika saruji ya mwisho. Katembo alifinyafinya karatasi za mifuko, akazikandamiza juu ya ile saruji mbichi, na kazi ikaachwa ilale.

Siku ya kubandua karatasi, walikusanyika wote. Karatasi zilitoka, na chini yake palikuwa na mwamba. Ulikuwa na makunyanzi, nyufa na mashimo; ungeapa kwamba mvua imeupiga tangu enzi za mababu. Muhamood alifurahi mpaka macho yake yalipofika katikati. Hapo katikati palikuwa na pango moja lisilofanana na mengine, refu, laini, lenye upinde mzuri juu na kijukwaa chini.

"Katembo," alisema polepole. "Hii ni nini?"

Katembo alitazama, akakuna kichwa. "Ee, Muhamood, unisamehe. Mukono ilijiendea yenyewe. Tangu ujana yangu sijawahi kujenga mwamba bila nyumba ya Mama Maria."

"Umenijengea kanisa sebuleni! Sheikh atakuja kula Idi hapa. Nitamwambia nini?"

Alichukua nyundo. Bi Mayimuna aliinua fimbo yake, akaiweka juu ya mkono wa mwanawe.

"Huyo Maria ndiye Maryamu, mama yake Isa?"

"Ndiye, mama," alisema Katembo.

"Huyo ana sura nzima katika Kurani. Sheikh akiuliza, nitamjibu mimi. Tena humo haitaingia sanamu. Ataingia mwenye watoto." Akamgeukia Muhamood. "Weka nyundo chini. Hukuvua hata mwaka mmoja ziwani, hujui kitu. Nkejje jike huwabeba watoto mdomoni. Kidevu kinamvimba, hali chochote, na hakuna anayemwelewa. Huyo ndiye anayehitaji mlango kama huo."

Muhamood aliiweka nyundo chini.

Wakautia mwamba sandukuni, wakajaza maji, na kazi ya kumwaga ikaanza. Mara ya kwanza Saudah aliumwagia mchicha wake wa dodo maji yale, na majani yakaungua kingo. Bi Mayimuna aliona. Asubuhi iliyofuata alichovya kidole, akaonja, akatema mate dirishani.

"Kali," alisema. "Mwageni."

Kuanzia siku hiyo ikawa desturi. Kabla ya mswaki, kabla ya chai, aliinuka na fimbo yake, akachovya kidole na kuhukumu. Saudah na mumewe walibeba ndoo. Mtu akichelewa, alisikia fimbo ikigonga sakafu. Baada ya kelele zote hizo, njaa ilimshika bibi huyo, ambaye kwa uzee na kidonda hakufunga, akaomba kiporo.

Muhamood hakuyaona hayo, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mwezi. Ulizidi kuwa mwembamba, nayo maji yalikuwa bado makali. Akileta samaki, wangekufa kama wale wa askofu, tena mbele ya macho ya mama yake. Asipowaleta, mama angeondoka, na kidonda kingerudi. Mwishoni mwa mfungo alibeba debe hadi kwenye lori, akasimama nalo, kisha akalirudisha ndani. Alikuwa radhi kumpoteza mama kwa ziwa, si kwa uongo kwamba maji yamepoa.

Sikukuu ilifika. Sheikh alikula, akautazama mwamba, akauliza, akajibiwa na Bi Mayimuna kwa aya, akaomba aongezewe pilau. Kesho yake asubuhi Muhamood alileta lori mlangoni. Kauli ya mama ni deni, naye hakutaka kuonekana mkwepaji.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Mwamba haujapoa ukali. Lori liko tayari, nitakupeleka."

Bi Mayimuna alikuwa ameinama juu ya sanduku, kidole mdomoni. Hakugeuka.

"Na maji atayaonja nani?"

"Saudah."

Saudah alikuwa mpishi ambaye arusi za mtaa mzima zilimgombania. Alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, akashusha macho.

"Mimi ulimi wangu ni mzito, mama. Ukali na utamu kwangu ni sawa."

"Nilijua," alisema Bi Mayimuna. "Mchuzi wako ulikwisha kuniambia."

Saudah alimeza tusi hilo kama asali.

"Basi, mama," alisema Muhamood, asiamini masikio yake, "nishushe mzigo wako?"

"Mzigo gani? Umeniona nikifunga mzigo? Lete ndoo."

Mfungo ulikuwa umesahaulika, na mchicha wa Saudah ulikuwa umechipua upya, siku Bi Mayimuna alipochovya kidole, akaonja, akaonja tena, na hakutema. "Nenda Hamukungu," alimwambia mwanawe. Muhamood alileta nkejje wengi. Safari hii hawakukimbilia pembeni. Walizunguka mara moja, wakauona mwamba, na kila mmoja akachagua shimo lake kama wapangaji wanaojuana.

Katembo alipokuja tena kutoka Bwera, alimkuta Bi Mayimuna ameegemeza kiti chake ukutani, sahani tupu miguuni. Bibi alimwashiria kwa fimbo. Ndani ya pango la katikati, chini ya upinde, alisimama nkejje mmoja, kidevu kimevimba, mapezi yakipepea taratibu.

Mkono wa Katembo ulijiendea wenyewe. Uligusa paji la uso, ukagusa kifua, kisha akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, ukakwama hewani.

"Malizia tu, mwanangu," alisema Bi Mayimuna. "Mwenyewe mdomo umemjaa watoto, hawezi kukukataza."