Karatasi ya Sabini na Nne

Karatasi ya sabini na nne ndiyo iliyomkamata Kimya. Alikuwa ameshaisahihisha yote, ameandika thelathini na nane kwa wino mwekundu, anataka kuiweka kwenye lundo la walioanguka, macho yakarudi kwenye grafu ya swali la tano. Mistari yake ilikuwa ya vidoti, imenyooka kama iliyopigwa cherehani, na kila baada ya vidole viwili palikuwa na kipembetatu kidogo. Wanafunzi wa takwimu hawachori hivyo. Anayechora hivyo ni fundi nguo anayeweka alama ya kukatia.

Na fundi nguo aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni pale alikuwa mmoja tu: shangazi yake, dada wa baba yake, mwenye miaka hamsini na miwili, ambaye Kimya aliishi kwake.

"Umeganda," alisema msaidizi mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliongea kuliko maprofesa wenyewe.

"Hii ni ya shangazi yangu."

Profesa akasogea, akachungulia. "Kufaulu ni arobaini. Mbili tu hizo. Mpe za mwandiko."

"Mwandiko hauna alama."

"Basi iache ilivyo. Karatasi zina namba, hazina majina. Umesahihisha hujui ni nani, kosa liko wapi?"

Kosa lilikuwa wiki ya kwanza ya muhula. Kanuni zilimtaka kila msaidizi ataje ndugu aliye katika darasa analosahihisha, ili karatasi za ndugu huyo apewe mtu mwingine. Kimya alikuwa na fomu mezani nyumbani, kalamu mkononi, Shangazi akamwomba asimtaje.

"Wenzangu ni watoto wa juzi," Shangazi alisema. "Wakijua msaidizi ni mtoto wa kaka yangu, hata nikifaulu watasema nimebebwa. Niache nisimame mwenyewe, mwanangu."

Kimya, ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo huku anamtazama usoni, akaandika "hakuna" na kusaini. Sasa kanuni hizohizo zilisema msaidizi aliyetoa taarifa ya uongo anaweza kuondolewa kazini. Kazi ndiyo iliyomlipia ada ya uzamili. Ikikatika, masomo yamekwisha.

"Ukienda kwa Mratibu unajichongea mwenyewe," Profesa alisema. "Na shangazi atabaki na thelathini na nane yake."

"Hiyo ni yake. Yangu mimi ni fomu."

Alishangaa sauti yake ilivyotoka bila kutetemeka. Akabandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya alama, akatoka ukumbini, akapiga simu.

"Shangazi, naenda kusema."

Cherehani upande wa pili ikanyamaza. "Nimeanguka, eti?"

"Siruhusiwi kukuambia."

"Umeshaniambia. Habari njema wewe huwezi kuificha, nakujua tangu unatambaa." Akapumua. "Nenda. Waambie mimi ndiye niliyekuziba mdomo."

"Sitawaambia hivyo. Aliyesaini ni mimi."

Mratibu alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Akaziweka fomu mbili sambamba, ya zamani na nyingine ambayo Kimya ameijaza leo.

"Hii inasema huna ndugu darasani. Hii inasema una shangazi. Amezaliwa katikati ya muhula?"

"Hapana, mwalimu. Alikuwepo. Niliandika uongo."

Mratibu akasubiri kisingizio. Hakikuja.

"Umeisahihisha?"

"Kabla sijamtambua. Alama nimezifunika. Naomba mtu mwingine aisahihishe upya."

Mratibu akavaa miwani, akasoma kanuni kwa kidole, taratibu, Kimya akiwa amesimama na mikono imetulia. "Naruhusiwa kukufukuza," alisema mwishowe. "Naruhusiwa pia kumwonya aliyejileta mwenyewe kabla ya matokeo kutoka. Barua ya onyo inaingia kwenye faili lako. Ikija ya pili, itakuwa ya kwaheri. Kuanzia kesho unahamia mwaka wa pili, saa zilezile ishirini kwa wiki."

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru, binti. Mwaka wa pili wana mwandiko mbaya." Alikuwa bado na kidole ukurasani. "Na hapa wanasema msaidizi asimfundishe pembeni mwanafunzi wa darasa lake. Wa darasa la mwenzake hawajamtaja."

Msahihishaji wa pili alitoa thelathini na saba.

"Kumbe ulimpendelea kwa moja," Profesa alimwambia, na Kimya akacheka hadi akaweka kalamu chini.

Mtihani wa marudio ulipangwa baada ya wiki tano. Jumamosi asubuhi Shangazi aliviondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, akaweka daftari na penseli mbili.

"Darasa zima limeshajua wewe ni nani wangu," alisema. "Kijana mmoja kaniuliza, mama, kama una msaidizi nyumbani imekuwaje ukaanguka? Nikamwambia, ndiyo ujue sijabebwa."

"Ulijisikiaje?"

"Vizuri kuliko nilivyodhani." Akavuta kiti. "Haya, tuanze na swali la kwanza. Na usinionee huruma."

"Sikuonei," alisema Kimya, akaikata hesabu ya kwanza kwa mstari kabla Shangazi hajaimaliza. "Rudia hapa. Umegawanya kwa kumi, na watu walikuwa tisa."