Mama Kyakimwa Ananunua Saksofoni

Mimi si mtu wa Butembo. Serikali ilinitoa Kasai ikanituma huku kufundisha hesabu, na kwa kuwa jina langu ni Kabongo na mtaani hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja, nilijiunga na fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia, nikapewa ngoma kubwa. Hapo ndipo nilipomjua Mama Kyakimwa, fundi cherehani, mpiga saksofoni pekee tuliyekuwa naye. Nimefanya kazi na watu wengi wenye diploma. Sijaona akili tulivu kama yake.

Saksofoni yake ilikuwa kongwe. Kwa miaka mingi aliitibu mwenyewe: vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu vikichakaa, alikata vingine kutoka mikoba mibovu. Lakini mwaka jana, wiki mbili baada ya Pasaka, shingo ya chombo ilipasuka, na fundi wa kuchomea vyuma, akijaribu kuiunga, akaimaliza kabisa. Madukani kulikuwa na mpya zinazong'aa kama sahani, zinazopoteza sauti kabla mwezi haujaisha. Chombo kizuri kilichotumika kilipatikana Ulaya tu, kwenye minada ya mtandaoni.

Neno "mtandaoni" lilitutia hofu. Ananie, mpiga tarumbeta wetu, aliwahi kutuma mchango wa kikundi kwa mtu aliyetuonyesha picha ya trombone. Trombone haikufika, na picha ile tuliikuta baadaye kwenye tangazo la mtu mwingine, nchi nyingine.

"Mama, ile mambo ni bamwizi tupu," Ananie alisema.

"Bamwizi beko hata ku soko," Kyakimwa akajibu. "Mais tunaendaka ku soko kila siku. Unapashwa tu kujua kuangalia."

Kwa miezi miwili hakununua kitu. Mchana, mteja akichelewa kuja kupima nguo, alifungua simu na kufuata minada mpaka mwisho: muuzaji gani anasifiwa na wanunuzi wake wa zamani, yupi ameanza jana tu. Kisha akaanza kuwaandikia. Kwa Kifaransa safi cha shule ya masista aliomba picha ya namba iliyochorwa nyuma ya chombo, picha ya shingo kwa ubavu, na sauti ya kila noti kutoka chini hadi juu, bila kukata. Mmoja alikasirika. Kyakimwa alimshukuru akamwacha. Mwingine alikuwa mtamu kuliko asali: achana na mnada, alisema, nitumie pesa mimi mwenyewe, nitakupunguzia nusu, lakini iwe leo, kuna mtu anasubiri.

Ananie aliingiwa na tamaa. "Nusu ya bei, mama! Tutume."

"Hapana. Nikilipa ku mnada na kitu haikufika, banaweza kunirudishia. Nikilipa ule mutu pembeni, nitalalamikia nani? Na juu ya nini ananikimbiza? Saksofoni haiozaka kama tomate."

Siku chache baadaye alipata tangazo la mjane mmoja wa Liège aliyeuza saksofoni ya marehemu mumewe. Picha zilikuwa za giza, na mjane alisema wazi kwamba hajui kupuliza hata filimbi. Mimi ningeacha. Kyakimwa alimwandikia: ingia chumba chenye giza, teremsha taa ndogo ndani ya bomba, ziba matundu yote, uniambie kama unaona mwanga ukitoka, maana panapopita mwanga hupita na pumzi. Kesho yake jibu likaja, na video ya mikono ya kizee ikishika taa: mwanga unatoka sehemu mbili, mama, samahani.

Kyakimwa alicheka kwa furaha. "Uyu njo mutu wa kununua kwake! Amenionyesha kidonda yeye mwenyewe. Na ile kidonda, mi naweza kuiponesha."

Siku ya mwisho ya mnada tulijazana kwenye kibanda chake cha kushonea. Alikuwa amejiwekea kikomo, akakiandika mezani kwa chaki ya nguo. Bei ilipanda, ikafika pale, ikapita. Ilipita kidogo sana. Sote tulimpigia kelele aongeze, hata mimi, mwalimu wa hesabu. Aliilaza simu kifudifudi akachukua mkasi.

"Imeisha, mwalimu. Acha nimalize iyi robe."

Alikata kitambaa cha gauni lile kwa mkono ulionyooka. Lakini nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, nikageuka kuangalia barabara.

Siku nne zikapita. Ikaja barua pepe: aliyeshinda hakulipa, saksofoni ni yako kwa bei yako, bonyeza hapa. Kidole cha Ananie kilikuwa kimeshafika. Kyakimwa alimwondoa mkono, akaifunga barua, akaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa mnada kwa njia yake ya kila siku. Ujumbe uleule ulikuwamo. Ndipo akalipa, humohumo.

Falonne, binti wa dada yake anayeishi Brussels, alipanda treni hadi Liège, akalinganisha namba ya chombo na ile ya picha, akampigia Kyakimwa, na baada ya hapo tu mnada ukamwachilia mjane malipo uliyokuwa umeyashikilia. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu akaisafirisha hadi Kampala. Ikavuka mpaka pale Kasindi ndani ya lori la convoi, msafara wa magari yanayolindwa na jeshi, ikatungoja kwenye depo moja ya mizigo Beni.

Tulienda kuichukua sisi wawili. Kyakimwa hakungoja kufika nyumbani. Alikaa juu ya gunia la maharage, akafungua sanduku, akapitisha vidole kila mahali. Ilivuja sehemu mbili, palepale aliposema mjane. Akatoa mkobani ngozi, gundi na kiberiti, akafanya kazi karibu saa nzima huku wapakiaji wakimruka na mizigo yao bila kumgusa.

Alipomaliza, akasimama, akapuliza wimbo wa Bikira Maria tunaouimba mwezi wa tano. Sauti ilikuwa nene, ya joto, isiyo na haraka. Wapakiaji waliweka magunia chini. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akijadiliana na dereva kwa Kilingala akavua kofia.

"Mama, ni nani amekufundisha?" mmoja wa wapakiaji akauliza.

"Kupuliza, ni baba yangu," alisema. "Kununua, nimejifundisha miye mwenyewe."

Akaifuta saksofoni kwa kitambaa, akaniuliza kama gari la Butembo limeshajaa.